Akili mnemba katika kazi ya picha za harusi Dar es Salaam: mwongozo kuanzia kamera hadi kukabidhi albamu

Mpiga picha wa harusi jijini Dar es Salaam hufanya kazi mbili kwa malipo ya moja. Kazi ya kwanza huonekana na watu wote: saluni asubuhi, ibada mchana, ufukweni jioni, kisha ukumbini hadi wageni watakapoondoka usiku wa manane. Kazi ya pili huanza anapofika nyumbani na kadi zilizojaa maelfu ya picha, ambazo anatakiwa kuzichambua, kuzirekebisha mwanga na rangi, kuziondolea chenga (punje zinazotokea picha inapopigwa penye mwanga hafifu) na kuzikabidhi kabla kamati ya harusi haijaanza kupiga simu. Hii ya pili ndiyo inayokula usingizi, na ndiyo ambayo akili mnemba inaweza kuipunguza kwa kiasi kikubwa.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba programu hizi zinafaa sana kwa kazi ya kurudiarudia, lakini hazifai kuachiwa peke yake sura ya mtu, rangi ya ngozi yake na ukweli wa tukio. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, na nimezitumia harusi kama mfano kwa sababu ndizo zinazowalisha wapiga picha wengi wa jiji hili. Anayepiga mahafali, bidhaa za maduka ya Kariakoo au mikutano ya Posta atapata humu mengi yanayomhusu.

Hatua ya kwanza: ielewe akili mnemba iliyomo ndani ya kamera

Wengi hudhani kwamba akili mnemba huanza kwenye kompyuta, ilhali kamera za miaka ya karibuni tayari zinaitumia kutafuta fokasi. Sony a7R V, iliyotoka mwaka 2022, ina kichakataji maalumu kwa ajili ya kumtambua mtu, jicho lake na hata mkao wa mwili wake, na kamera za Canon na Nikon za kipindi hicho zina mifumo inayofanana na huo. Kwa bi harusi anayeingia ukumbini akicheza, msaada huu ni mkubwa, kwa maana mpiga picha anabaki kushughulikia pembe na wakati badala ya kukimbizana na fokasi.

Tatizo hutokea pale wageni wanapofuatana kwenda kutoa zawadi. Nyuso ni nyingi, zinapishana, na kamera hurukia uso ulio karibu zaidi, ambao mara nyingi ni wa mshereheshaji au wa mpiga video. Baadhi ya kamera huruhusu kusajili uso ili upewe kipaumbele. Wasajili bwana na bi harusi mapema, ila bi harusi asajiliwe baada ya kupambwa, kwa kuwa vipodozi, shela na nywele mpya hubadilisha sura ambayo kamera inaitafuta. Kama kamera yako haina uwezo huo, rudi kwenye nukta moja ya fokasi kwa kipindi hicho cha zawadi, kisha uwashe tena utambuzi wa macho watu watakapotulia.

Piga kwa mfumo wa RAW, yaani faili ghafi la kamera, badala ya JPEG, faili la kawaida lililobanwa. Hatua nyingi zinazofuata zinaitegemea taarifa yote ambayo kamera iliiona, na JPEG huitupa sehemu kubwa ya taarifa hiyo.

Hatua ya pili: hifadhi kabla programu yoyote haijagusa picha

Kabla ya kufungua programu ya kuchambua, nakili kadi zote kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na usizifute kadi hizo mpaka kazi ikabidhiwe. Kanuni inayotumiwa na wengi duniani ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine tofauti na nyumbani au ofisini. Kwa anayelipia bando, kupandisha harusi nzima ya RAW mtandaoni ni gharama kubwa mno; diski ya pili inayokaa kwa ndugu huko Mbezi au Temeke inatimiza lengo lilelile.

Panga picha katika mafolda ya maandalizi, ibada, ufukweni na ukumbini. Mgawanyo huu utahitajika katika hatua mbili zinazofuata, kwa sababu mwanga wa kila sehemu ni wa namna yake, na programu hufanya vizuri zaidi inapopewa picha za mazingira yanayolingana.

Hatua ya tatu: kuchambua

Hapa ndipo muda mwingi unapookolewa. Programu za kuchambua, kama vile Aftershoot na Narrative Select, huzikusanya pamoja picha zinazofanana, hupima kama fokasi imekaa kwenye macho, na hutambua macho yaliyofumba. Aftershoot hufanya uchambuzi huo ndani ya kompyuta yenyewe, hivyo haihitaji kupandisha picha mtandaoni, jambo ambalo ni nafuu kwa bando na ni salama zaidi kwa siri za mteja.

Iambie programu iweke alama za nyota au rangi tu, na usiipe kamwe ruhusa ya kufuta. Kisha, itakapomaliza, anza kukagua zile ilizozikataa kabla ya zile ilizozichagua. Ushauri huu unaweza kuonekana kama kupoteza muda, lakini vigezo vya programu havilingani na vigezo vya harusi zetu. Chukua mfano wa dua: mama wa bi harusi ameinua viganja, macho ameyafumba, midomo imefunguka kidogo, na binti yake ameinamisha kichwa mbele yake akiwa amefumba macho vilevile. Kwa kipimo cha programu, hiyo ni picha mbovu, kwani macho manne yote yamefumba. Kwa familia, hiyo ndiyo picha itakayotundikwa sebuleni. Mwanamke anayepiga vigelegele naye hufumba macho na kupanua kinywa, na mara nyingi huwekwa katika kundi la kukataliwa pamoja na shangazi aliyepepesa tu.

Kuna kundi jingine la picha zinazohitaji jicho lako, nalo ni zile zisizo na uso wa kupimwa: viganja vyenye hina, pete juu ya kanga, mgongo wa baba anayemsindikiza binti yake, bibi aliyevaa nikabu. Programu inayopima ubora wa picha kwa kutazama macho haina kipimo cha kutosha hapo. Kwa hiyo folda ya maandalizi, ambayo imejaa vitu vya aina hiyo, napendelea kuichambua kwa mkono tangu mwanzo, na kuiachia programu ile ya ukumbini, ambako picha zinazofanana ndizo nyingi.

Ukishazirejesha zile zilizokataliwa kimakosa, pitia kila kundi la picha zinazofanana na ubakize moja au mbili. Pendekezo la programu ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini katika picha ya pamoja ya ukoo mzima mwamuzi ni wewe, kwa kuwa programu haijui kwamba mzee aliyekaa katikati ndiye ambaye lazima aonekane vizuri hata kama kijana mmoja wa pembeni amepepesa.

Hatua ya nne: mwanga na rangi ya msingi

Programu kama Imagen, pamoja na sehemu ya uhariri ya Aftershoot, hujifunza mtindo wako kutokana na picha ulizokwisha kuzihariri katika Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, kisha hukadiria mwanga, joto la rangi na utofauti wa vivuli kwa kila picha mpya. Ili zijifunze vizuri zinahitaji maelfu ya picha zilizohaririwa kwa mtindo mmoja usioyumba. Mpiga picha ambaye mwezi huu anapenda rangi za udongo na mwezi ujao anapenda rangi kali ataifundisha programu mkanganyiko wake mwenyewe, na majibu atakayoyapata yatakuwa hivyo hivyo.

Tengeneza mtindo mmoja wa mwanga wa mchana na mwingine wa ukumbini. Kumbi nyingi za jiji huwashwa taa za rangi ya zambarau, bluu na waridi zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, na hakuna makadirio ya kompyuta yanayoweza kujua kwamba gauni lililotoka zambarau kwenye picha lilikuwa jeupe. Kwa sababu hiyo, rekebisha kwa mkono picha moja ya kila hali ya mwanga, hakikisha shela ni nyeupe na ngozi ni ya mtu mwenyewe, ndipo uieneze kwa picha nyingine za hali hiyohiyo. Anayeanza, ambaye hana maelfu ya picha za kufundishia, asijione ameachwa nyuma: utaratibu huu wa picha moja kwa kila hali ya mwanga, ukitumika ndani ya Lightroom peke yake, unafupisha kazi vya kutosha.

Hatua ya tano: rangi ya ngozi

Sehemu hii naiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye madhara makubwa kwa watu tunaowapiga picha. Programu nyingi, hasa zile za simu zenye kitufe cha urembo, hulainisha ngozi na kuifanya nyeupe kwa wakati mmoja, na mtumiaji anayebonyeza kitufe kimoja huyapata yote mawili bila kuyaomba. Bi harusi wa maji ya kunde anatoka kama mtu mwingine, na bwana harusi mweusi anakuwa wa kijivu, rangi ambayo hakuna binadamu aliyezaliwa nayo.

Kasoro hii ni ya zamani kuliko kompyuta zetu. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha filamu za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ikachapishwa kwa kipimo ambacho hakikuwekwa kwa ajili yake. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa sura, wakakuta kwamba makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifikia asilimia 34.7, wakati kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Chanzo kimojawapo kilikuwa wazi: picha ambazo mifumo hujifunzia zilikuwa zimejaa watu weupe. Tangu hapo yapo yaliyoboreshwa, na Google ilitoa teknolojia ya Real Tone katika simu za Pixel 6 mwaka 2021 ili ngozi nyeusi ionekane inavyostahili, lakini mpiga picha makini hawezi kuikabidhi ngozi ya mteja wake kwa programu asiyoikagua.

Ukaguzi wenyewe huanza siku ya tukio. Kabla ya vipodozi, mpige bi harusi picha moja karibu na dirisha, uso, shingo na mikono vikionekana, akiwa ameshika kadi ya kijivu, ile inayotumika kama kipimo cha kusawazisha rangi. Mpige bwana harusi vivyo hivyo. Hizo ni picha za rejea. Hazikabidhiwi kwa mtu yeyote, bali hukaa upande mmoja wa skrini wakati wote wa uhariri. Kila mnapohamia kwenye mwanga mpya, piga tena kadi ya kijivu mara moja. Ni kazi ya sekunde chache.

Kwenye kompyuta, punguza mwanga wa skrini hadi kiwango cha kawaida na usihariri karibu na dirisha lenye jua. Lightroom, tangu mwaka 2022, inaweza kuwatambua watu walio kwenye picha mmoja mmoja na kutenganisha ngozi ya uso, ngozi ya mwili, nywele, macho na midomo. Tumia uwezo huo kumshughulikia kila mtu peke yake. Bwana harusi mweusi akisimama na bi harusi wa maji ya kunde, marekebisho ya jumla hutafuta wastani ambao hauwafai wote wawili: ama bwana harusi anazama kwenye kivuli, ama uso wa bi harusi unaungua. Ukiwa umemchagua mmoja, ongeza mwanga wa vivuli kidogo, uangalie kama umbo la shavu na taya linaanza kuonekana, na usimame hapo. Usipandishe mwangaza wa rangi ya chungwa, njia ambayo wengi huitumia kwa sababu ni ya haraka, maana hiyo ndiyo inayochubua ngozi kwenye picha.

Kuza picha na ukague mpaka wa eneo lililochaguliwa, hasa masikioni, kwenye shingo na pale ngozi inapokutana na suti nyeusi ndani ya ukumbi wenye giza, kwa kuwa hapo programu hukosea kwa urahisi na kuacha sikio likiwa na rangi tofauti na shavu. Halafu linganisha uso na mikono. Kama uso umekuwa mweupe kuliko mikono, jiulize ni vipodozi au ni wewe, na picha ya rejea itakujibu.

Jasho ni suala jingine la jiji hili. Unyevu wa hewa ya pwani hufanya paji la uso ling'ae chini ya flashi, na programu za urembo huuondoa mng'ao wote. Upunguze, lakini usiumalize, kwani mng'ao wa kiasi ndio unaoipa ngozi nyeusi umbo na uhai kwenye picha. Uso usio na mng'ao kabisa hugeuka kuwa kama karatasi.

Kuhusu alama za mwilini, ipo desturi nzuri miongoni mwa wahariri wa picha: kitu ambacho kitakuwa kimeondoka baada ya wiki mbili, kama chunusi au mkwaruzo, kinaweza kufutwa; kitu cha kudumu kama kovu, baka, chale au mwanya hubaki isipokuwa mwenyewe ameomba. Programu za kulainisha ngozi hazitofautishi kati ya hivi viwili, na zikiachiwa zitamfuta bibi makunyanzi aliyoyapata kwa kulea ukoo mzima. Kwa wazee mimi sizitumii kabisa.

Hatua ya sita: kuondoa chenga

Picha za ukumbini zilizopigwa kwa ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya 6400 au zaidi huwa na chenga, na hapa akili mnemba imeleta badiliko la kweli. Adobe iliongeza uwezo wa kuondoa chenga kwa akili mnemba katika Lightroom mwezi Aprili 2023, na programu kama DxO PureRAW na Topaz Photo AI hufanya kazi hiyohiyo. Picha ambazo zamani zingetupwa sasa zinaweza kuchapishwa kwa ukubwa wa ukutani.

Kazi hii huitegemea sana kadi ya grafiki ya kompyuta. Kwenye kompyuta mpakato ya kawaida picha moja inaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo isifanywe kwa harusi nzima, bali kwa zile zilizokwisha kuchaguliwa tu, na ikiwezekana iachwe iendelee usiku betri ikiwa imejaa, umeme usije ukakatika katikati. Anza na kiwango cha chini na uangalie sehemu tatu: nywele za kusuka, kamba za lesi kwenye gauni, na nyuso ndogo za wageni walio nyuma. Ikiwa mistari ya nywele imeungana au nyuso za nyuma zimekuwa kama za nta, umezidisha. Chenga kidogo haimwudhi mteja yeyote.

Hatua ya saba: kufuta na kuongeza vitu

Photoshop ilipata uwezo wa kujaza sehemu za picha kwa maelekezo ya maandishi mwaka 2023, na Lightroom ikapata ufutaji wa namna hiyo mwaka 2024. Chupa za maji kwenye meza kuu, waya wa spika, kiti cha plastiki kilichoachwa nyuma ya maharusi, vyote huondoka kwa muda mfupi, na sioni ubaya wowote kuviondoa kwenye picha ya harusi. Fahamu tu kwamba ujazaji huu hufanyika kwenye kompyuta za kampuni husika, kwa hiyo unahitaji intaneti na picha ya mteja hutoka nje ya kompyuta yako.

Kuongeza ni jambo zito zaidi kuliko kufuta. Tazama suala la anga. Coco Beach inatazama mashariki. Jua la jioni huzama nyuma ya majumba ya Oysterbay, na maharusi wakisimama na bahari nyuma yao saa kumi na moja na nusu, mwanga huwaangukia usoni huku anga juu ya maji likiwa la samawati iliyopauka. Programu za kubadilisha anga hupendekeza mara moja machweo mekundu juu ya bahari. Mkazi yeyote wa jiji atakayeitazama picha hiyo anajua kwamba jua halijawahi kuzama upande huo, na vivuli vilivyopo usoni vinalikana anga hilo. Anayetaka rangi za moto juu ya maji pale Coco aende na maharusi alfajiri. Watakaokubali watapata picha ambayo programu haiwezi kuwatungia.

Usimwongeze mtu ambaye hakuwepo, wala kumwondoa aliyekuwepo, bila maharusi wote wawili kuomba na bila kuihifadhi picha ya asili. Familia huja na maombi mazito ya aina hii, kama kumweka baba aliyefariki kwenye picha ya ukoo, na kazi hiyo inaweza kufanywa kwa heshima. Ikabidhiwe katika folda yake, ikiwa na maelezo kwamba ni picha iliyotungwa.

Kwa wale ambao wiki hiyohiyo hupiga pia picha za habari, mpaka ni mwingine kabisa: usiongeze wala kufuta chochote. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliikataa tuzo ya Sony World Photography Awards baada ya kueleza kuwa picha yake ilitengenezwa kwa akili mnemba, na shindano la World Press Photo haliruhusu picha za namna hiyo. Jiji hili ndilo ambako mpiga picha wa habari Mohamed Amin alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963, na picha za wapiga picha wa kizazi chake hutumika leo kama ushahidi wa historia kwa sababu zinaonyesha kilichokuwepo mbele ya lenzi. Tenganisha folda za habari na za harusi, na mtindo wa uhariri wa harusi usiguse kabisa zile za habari.

Hatua ya nane: nyuso za watu na sheria

Zipo huduma zinazompa kila mgeni picha zake kwa kupiga selfi: mfumo unautambua uso wake na kumtafutia picha zote alizomo. Wageni huzipenda, na mpiga picha hupunguziwa maombi ya WhatsApp. Lakini mfumo huo hukusanya taarifa za nyuso za watu ambao hawakusaini chochote, wakiwemo watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometriki na taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuzisafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Kompyuta za huduma nyingi hizi ziko nje.

Kwa hiyo idhini itafutwe kabla, na iandikwe. Katika mkataba naweka kifungu kinachosomeka hivi: “Mteja anaelewa kwamba mpiga picha atatumia programu za akili mnemba kuchambua na kuhariri picha. Picha hazitapelekwa kwenye huduma ya utambuzi wa nyuso bila ridhaa ya maandishi ya mteja. Sura, rangi ya ngozi na maumbile ya watu hayatabadilishwa isipokuwa mhusika mwenyewe ameomba.” Ikiwa maharusi wanaitaka huduma ya selfi, mshereheshaji aitangaze ukumbini, wageni waelezwe kwamba ni hiari, na picha za watoto zibaki nje ya mfumo mpaka mzazi akubali. Soma pia masharti ya kila programu kuhusu matumizi ya picha unazopandisha katika kuifundisha, na uzime ruhusa hiyo pale inapowezekana.

Hatua ya tisa: maandishi

ChatGPT na programu za aina yake huandika vizuri rasimu ya makadirio ya bei, barua pepe kwa mteja wa nje na maelezo ya picha za mtandaoni. Kiswahili chake kimeboreka lakini kinahitaji kupitiwa, na majina ya watu yakaguliwe herufi kwa herufi. Usiingize humo namba za simu wala anwani za wateja.

Hatua ya kumi: kukabidhi

Kabla ya kukabidhi, chagua picha ishirini kutoka sehemu zote za siku na uzitazame kwenye simu ya kawaida, si kwenye skrini yako peke yake, kwa sababu humo ndimo familia itakamozitazamia. Ziweke sambamba na picha za rejea mara ya mwisho. Kisha mtumie bi harusi tano kati ya hizo, zenye uso wake kwa karibu, na umwulize swali moja: je, huyu ni wewe? Akisema ngozi yake si hivyo, rudi hatua ya tano na urekebishe folda nzima husika, usirekebishe tano hizo tu.

Kabidhi kwa kiungo cha kupakua au kwenye diski. Picha zinazotumwa WhatsApp kama picha za kawaida hubanwa, na kazi yote ya kuondoa chenga hupotea hapo. Zikilazimu kupita huko, zitume kama hati. Picha za RAW na nakala za asili za kila picha iliyofutwa au kuongezwa kitu zikae kwenye diski ya pili kwa muda uliotajwa kwenye mkataba, na mteja ajulishwe kwa maandishi siku muda huo utakapokaribia kwisha, ili aje na diski yake kama anazihitaji.